Mradi umefungwa Washington, mshahara wa Mpwapwa adaiwe nani?

Wasomaji wangu, habari za huko. Tangu ile Januari 2025 Rais Trump wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje, barua za watu wa miradi hazijawahi kukauka mezani kwangu, zinatoka Mpwapwa, Kondoa, Bahi mpaka huko Manyoni, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwahiyo mwezi huu nimeona nizikusanye nizijibu hapa kwa pamoja. Kwa wasionijua, nimefanya uhasibu wa miradi ya wafadhili miaka kumi na sita, nilianzia Dar nikamalizia hapa Dodoma, na sa hivi nipo zangu Ipagala nasaidia watu kusoma mikataba yao. Mimi sio wakili. Panapohitaji wakili nitasema.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili nipo Mpwapwa. Nilikuwa afisa wa fildi kwenye mradi wa afya ya jamii, nimeajiriwa na shirika la hapahapa nchini ila pesa ilikuwa ya Wamarekani na inapitia kampuni kubwa ya kwao. Mwisho wa Januari 2025 tukatumiwa meseji kwenye grupu la WhatsApp kwamba kila mtu asimame alipo asiende fildi, katikati ya Machi nikapewa barua ya kuachishwa. Mshahara wa Februari mpaka leo sijauona, likizo sijalipwa, notisi ndo kabisa. Nikimpigia mkurugenzi ananiambia hata yeye hajalipwa, eti nikamdai Trump. Nimefanya kazi pale miaka minne na miezi saba. Nina haki yoyote au niache tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache.

Kwanza nenda kautoe huo mkataba wako popote ulipo, fungua ukurasa wa mwisho, utakuta sahihi mbili. Moja ni yako. Huyo wa pili ndo unayemdai. Hukusaini na Trump, hukusaini na ile kampuni ya Marekani, hata hao USAID wenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani, hawakuwa na karatasi yoyote yenye jina lako, ulisaini na shirika la Kitanzania lililosajiliwa Tanzania na linalobanwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwamba mfadhili kageuka ni kweli na inauma, na mkurugenzi wako inawezekana kabisa analala na njaa kama wewe, ila hilo ni jambo lake na huyo aliye juu yake. Nalisema kwa nguvu kwasababu nimeona watu wengi sana mkoa huu wamekubali jibu la "kamdai Trump" wakarudi nyumbani kulima.

Sheria inasemaje. Mwajiri akitaka kupunguza watu kwasababu za uendeshaji, na pesa za mfadhili kukatika ni mojawapo, anatakiwa awape taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na nyie au chama chenu mjadiliane kabla hajaamua. Meseji ya grupu haijawahi kuwa majadiliano. Halafu kwa mtu anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28 au alipwe hela yake badala ya notisi. Kiinua mgongo cha kuachishwa, ile wanayoiita severansi, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwahiyo wewe wa miaka minne na miezi saba unahesabiwa minne, siku 28. Likizo ambayo hukwenda unalipwa. Kama ulichukuliwa sehemu nyingine ukapelekwa Mpwapwa kuna na nauli ya kurudi ulikoajiriwa. Mshahara wa Februari sihitaji hata kuueleza, barua yako ya kuachishwa ni ya Machi, maana yake Februari yote ulikuwa mwajiriwa, uliambiwa ukae na ukakaa.

Utakuta kwenye mkataba kuna kifungu kinasema ajira hii inategemea upatikanaji wa fedha za mfadhili. Kipo karibu kila mkataba wa mradi, nimeviandika vingi kwa mkono wangu. Kifungu hicho kinaweza kuwa sababu ya kukupunguza, lakini hakifuti hela ya siku ulizokwishafanyia kazi wala hakiondoi utaratibu wa sheria. Na kama mkataba wako ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja na umekatwa kabla haujaisha, kuna waliodai mishahara ya miezi iliyobaki, na hapo ndo mahali pa kumuona wakili kabla hujajaza fomu yoyote.

Sasa jambo ambalo wakurugenzi wengi hawalisemi, sijui kwa kutokujua au vipi. Serikali ya Marekani ikikatisha mkataba kwa hiari yake, kampuni inaruhusiwa kupeleka madai ya kufungia hesabu, yanaitwa klozi auti, na kwa mikataba ile ya kununua huduma inapewa mpaka mwaka mmoja kuwasilisha. Ndani ya madai hayo mafao ya kuachishwa kazi ambayo sheria ya nchi inalazimisha yanahesabika kama gharama inayoruhusiwa. Umeelewa hapo mdogo wangu? Ile notisi yako na zile siku zako 28 shirika lilikuwa na uwezo wa kuziandika kwenye dai lake kwa kampuni ya juu, kampuni ikaziandika kwenye dai lake kwa serikali yao. Muulize mkurugenzi wako kwa maandishi, sio kwa simu: je uliniweka kwenye dai la klozi auti, ndiyo au hapana, na limefikia wapi. Kwa kazi zilizofanyika kabla ya katikati ya Februari 2025 mahakama za kwao ziliingilia, na tarehe 5 Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya Marekani kwa majaji watano dhidi ya wanne ilikataa kuizuia amri ya kulipa, ilikuwa ni karibu dola bilioni 2 za kazi zilizokwisha. Kwahiyo kusema tu kwamba hakuna kilicholipwa haitoshi, aonyeshe.

Kuhusu CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi yao hapa Dodoma ipo. Madai ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa yafike ndani ya siku 30, mengine kama mishahara ndani ya siku 60, unajaza Fomu Namba 1. Wewe umechelewa, sikufichi. Ila sheria imeacha mlango, kuna Fomu Namba 2 ya kuomba usikilizwe nje ya muda, na unatakiwa ueleze kwanini ulichelewa, siku zote ulizochelewa ziwe na maelezo. Kama alikuwa anakwambia subiri tunalipwa wiki ijayo na meseji hizo unazo kwenye simu, usizifute, zipigie picha na zichapishe.

Na NSSF kaangalie michango yako iliingia mpaka mwezi gani. Aliyechangia miezi 18 na zaidi na hakuacha kazi mwenyewe kuna fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Nenda na barua ya kuachishwa.

Ngoja niseme na hili. Mwaka huohuo 2025 alinijia kijana mmoja wa mradi mwingine na mfuko wa rambo umejaa timushiti, zile karatasi za kujaza saa za kazi, za miaka mitatu, amezipanga kwa miezi na kila mwezi kaufunga na lastiki. Zote zimesainiwa na bosi wake isipokuwa moja, ya wiki ile ya tarehe 20 mpaka 24 Januari, kwasababu Ijumaa ile bosi alikuwa Chemba na jioni yake amri ikawa imeshatoka na ofisi ikafungwa. Karatasi moja, kona ya chini kulia peupe. Mhasibu wa kampuni ya juu akaikataa wiki nzima. Tulimtafuta yule bosi mpaka tukampata anauza vifaa vya umeme Sabasaba, akaisaini pale dukani juu ya boksi la swichi, na akaandika tarehe ya siku ile aliyosaini kweli na maelezo kwanini. Ikapokelewa. Kwahiyo ndugu zangu kabla ya mahakama, kabla ya wakili, timushiti zenu ziko wapi?

SWALI: Asalaam aleikum mwanangu. Mimi ni mama lishe Kondoa mjini. Tarehe 14 mpaka 16 Januari 2025 nilipika chakula cha semina ya mradi, watu 45, chai na mchana, shilingi 12,000 kwa mtu kwa siku, jumla 1,620,000. LPO, ile karatasi yao ya kuagiza, ninayo. Nilikopa kuku na mchele sokoni. Wakasema wanalipa baada ya wiki mbili, wiki mbili hazikufika ofisi ikafungwa. Walionikopesha wananidai mimi, hawaijui Marekani. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu, shikamoo. Barua yako ndo imenifanya niandike safu hii yote, naomba nikwambie ukweli.

Niliwahi kukaa upande wa pili wa hiyo meza. Mradi mmoja niliokuwa nafanya, zamani kidogo na shirika sitalitaja, ulifungwa ghafla na mimi ndo niliyekuwa na orodha ya wanaotudai. Juu ya orodha wakawekwa wa Dar wenye magari na hoteli kwasababu wale wakicheleweshewa wanatuma barua ya wakili. Chini kabisa akakaa mama mmoja aliyekuwa anatuletea maandazi na chai ya mikutano, laki nne na kitu. Alikuwa anakuja kila Jumatatu saa tatu, anakaa kwenye benchi la nje, LPO kaikunja mara nne kaifunga kwenye pindo la khanga, nikitoka anaifungua taratibu ananionyesha kama vile mimi siijui, na ile karatasi niliichapisha mimi. Alikuja miezi tisa. Alilipwa mwishoni, lakini mtaji wa maandazi ulishakufa na hakurudi tena kwenye biashara ile. Orodha ile ningeweza kuipanga vingine na sikuipanga. Nalikumbuka mpaka leo, na ndo maana nikiona LPO ya mama lishe nasimama nayo.

Mama, kazi yako uliimaliza tarehe 16, siku nne kabla rais yule hajaapishwa. Hakuna amri yoyote ya Washington iliyosema chakula kilicholiwa kabla ya amri kisilipwe. Dai lako ni la mkataba kati yako na shirika lililokupa LPO, basi. Fanya hivi: tafuta karatasi ya mahudhurio ya siku zile tatu, hata picha yake tu kutoka kwa mshiriki mmoja, maana pale ndo panaonyesha watu 45 walikuwepo. Ambatanisha na LPO na risiti kama ulitoa. Andika barua ya madai, Kiswahili cha kawaida kinatosha, wape siku 14, peleka kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea. Nakala nyingine mpelekee afisa maendeleo ya jamii wa wilaya hapo Kondoa, yeye ndo msajili msaidizi wa haya mashirika kwenye wilaya, na shirika lolote lisilo la serikali linaogopa jina lake kufika pale na deni la mama lishe. Wakikaa kimya nenda mahakama ya mwanzo, madai ya kiasi hiki ni ya pale kabisa na huhitaji wakili. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani watakuandikia bure.

Na hao waliokukopesha kuku waonyeshe hiyo barua iliyogongwa muhuri. Haiwalipi, najua, lakini mtu akiona unadai kwa maandishi anakupa muda.

SWALI: Mambo dada. Mi nasoma UDOM mwaka wa pili. Baba alikuwa dereva wa mradi Bahi. Siku rais wa Marekani anaapishwa tulikuwa tunaangalia wote kwenye simu yangu, Ijumaa ya wiki hiyohiyo gari likapakiwa na Jumatatu funguo zikachukuliwa. Nataka kuelewa tu, inakuwaje mtu anasaini karatasi Washington dereva wa Bahi anakosa kazi ndani ya wiki? Hizi kampuni ni za serikali ya Marekani au za watu binafsi? Na hii ndo mara ya kwanza?

JIBU: Poa mdogo wangu, mpe mzee pole na shikamoo yangu. Swali zuri, nitalijibu kwa urefu maana watu wanalipita juujuu.

USAID ilianzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na kwa miaka mingi kazi nyingi hawakuwa wanazifanya wenyewe, walikuwa wanazinunua. Wanatangaza tenda, zinaomba kampuni binafsi za biashara kama Chemonics na DAI pamoja na mashirika yasiyo ya faida. Aliyeshinda sisi tulikuwa tunamwita praimu. Praimu akija nchini hana watu wa Bahi wala Ikungi, anagawa kazi kwa masabu, mashirika ya hapa, na sabu naye anaajiri dereva, anakodi nyumba Area D, anachukua chakula kwa mama lishe. Pesa inashuka ngazi kwa ngazi, na kwenye mikataba mingi inashuka baada ya kazi: unatumia kwanza, unapeleka invoisi, unarudishiwa. Kwahiyo wakati wowote ukikata juu, chini kuna mtu keshatumia hela ambayo haijarudi. Mara nyingi ni ya mwezi mzima au miwili.

Halafu kwenye kila mkataba wa serikali ya Marekani kuna kifungu kinachoiruhusu serikali kuvunja mkataba muda wowote kwa manufaa yake, hata kama mkandarasi hajakosea kitu. Kifungu hicho asili yake ni vita, serikali ilikuwa imeagiza silaha na vita vikiisha haitaki kuendelea kununua. Kuna kingine cha kusimamisha kazi mpaka siku 90. Kampuni kubwa zinavijua, mawakili wao wamevisoma, na zinavinakili kama vilivyo kwenye mkataba wa sabu. Dereva wa Bahi hakuna aliyewahi kumsomea.

Sasa ratiba yenyewe. Jumatatu tarehe 20 Januari 2025 Trump akasaini amri ya kusitisha misaada ya nje siku 90 ipitiwe upya. Ijumaa tarehe 24 wizara yao ya mambo ya nje ikatoa maelekezo kazi zisimame, barua zikaanza kwenda kwa mapraimu na wao wakazishusha siku ileile kwa wasapu na simu. Ndo lile gari la baba. Tarehe 28 wakasema huduma za kuokoa maisha ziendelee, ila mfumo wa malipo ulikuwa umeshakwama kwahiyo wenye ruhusa wengi hawakuwa na hela ya kuendelea nayo. Mwisho wa Februari mikataba na ruzuku karibu 5,800 zikakatwa. Tarehe 10 Machi Waziri Marco Rubio akatangaza asilimia 83 ya programu zimefutwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikaacha kabisa kuendesha misaada, kilichobaki kikaenda wizarani kwake. Kampuni zenyewe zilikwenda mahakamani, hizo mbili nilizozitaja zikiwa kati ya wadai, na ule uamuzi wa Machi niliomwelezea dada wa Mpwapwa ulitokana na kesi hizo.

Mara ya kwanza? Kwa ukubwa huo ndiyo. Kwa tabia hapana. Ile sera yao ya kuzibana taasisi zinazogusa mambo ya utoaji mimba iliwekwa na Reagan 1984, Clinton akaitoa 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaitoa 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaitoa 2021, Trump tena Januari 2025. Kila chama kikiingia Ikulu yao kuna kliniki mahali inabadilishiwa masharti, na kwa watu wa uzazi wa mpango ni kama masika na kiangazi, wanajua inakuja. Tofauti ya 2025 ni kwamba zamani kilikuwa kinaguswa chumba kimoja, safari hii ni nyumba nzima.

Na sisi wa kanda ya kati tuna hadithi yetu ya zamani zaidi. Panda gari nenda Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ya chama cha Labour wakati huo, ilianza pale mradi mkubwa wa karanga, walikuwa wana shida ya mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ya kuanzia wakampa mkandarasi, kampuni ya United Africa, mwaka uliofuata shirika la serikali la Overseas Food Corporation likaipokea. Wakaleta matrekta, wakafyeka vichaka, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama sementi na mvua haikuja kwa hesabu zao, jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angewaambia akiwa amekaa chini ya mbuyu wake. Januari 1951 London wakatangaza basi, karibu pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ya kufugia ng'ombe. Wakati ule hata serikali ilikuwa haijabadilika, ilikuwa ni haohao waliouanzisha, Labour walikuja kutoka madarakani Oktoba ya mwaka huo. Nakwambia hivi mdogo wangu kwasababu wewe unasoma: kumbukumbu za hasara ya serikali ya Uingereza unazikuta vitabuni mpaka pauni ya mwisho, lakini tafuta hesabu ya mfyeka vichaka wa Kongwa alidai nini na alilipwa nini siku matrekta yalipozimwa. Ukikosa pa kuandikia tasnifu yako, wazee wa Kongwa ndo wanakwisha hivyo, kawahoji.

Kwa upande wa mzee, yote niliyomjibu dada wa Mpwapwa ni yake pia. Dereva ana logibuku ya gari, ile safari kwa safari, ndo timushiti yake. Kama aliirudisha na gari aombe nakala.

SWALI: Dada, nimebaki na pikipiki ya mradi hapa Manyoni, ina stika ya "Kutoka kwa watu wa Marekani". Hakuna aliyekuja kuichukua. Mishahara nadai. Naweza kuiuza nijilipe?

JIBU: Hapana kaka. Usiiuze, usiibandue stika, usiifanyie bodaboda. Mali ya mradi inakuwa na orodha yake na hugawiwa kwa maelekezo ya mfadhili, mara nyingi inaishia halmashauri au kituo cha afya. Ukiiuza unageuka kutoka mdai unakuwa mtuhumiwa na dai lako la mshahara linaingia matatani. Andika barua kwa shirika kwamba unayo, taja namba ya usajili, namba ya chesisi, kilomita zilizosomeka siku hiyo, weka picha, waambie waje wachukue kwa makabidhiano ya kusaini. Na kwenye barua hiyohiyo, aya ya pili, kumbushia mishahara yako.

SWALI: Habari dada. Nina kampuni ndogo ya utafiti na tathmini ya miradi, tupo Area C, vijana sita. 2025 nilipoteza kazi mbili za Wamarekani kwa mpigo, moja ripoti ilishakamilika sikulipwa mpaka Septemba. Sasa kuna praimu wa Uingereza ametupigia tuwe sabu wake, anasema tuanze tu mkataba unakuja. Nahofia. Unanishauri nini?

JIBU: Kaka, hofu yako ina akili, isikilize. Hilo neno "anzeni tu mkataba unakuja" ndo lililowamaliza wengi. Kazi iliyofanyika kabla ya sahihi hakuna wa kuilipa mambo yakigeuka, na kule nako yanageuka. Uingereza ilikuwa na wizara nzima ya maendeleo, DFID, Septemba 2020 ikamezwa na wizara ya mambo ya nje. Misaada yao ilikuwa asilimia 0.7 ya pato la taifa, 2021 ikashushwa 0.5, na Februari 2025 Waziri Mkuu Starmer akatangaza itafika 0.3 ifikapo 2027 ili wapate pesa za ulinzi. Kwahiyo unaingia kwenye bwawa ambalo maji yanapungua, ingia ila ujue kina.

Ukiletewa mkataba tafuta kwanza kifungu cha malipo. Kikisema utalipwa praimu akilipwa, pigania kiwekewe ukomo wa siku, mathalani siku 45 tangu invoisi ikubaliwe awe amelipwa au hajalipwa. Wengine watakataa, wengine wanakubali ukiwaomba tu, nimeona. Pili invoisi iwe kila mwezi au kila hatua, usikubali ya mwisho wa kazi, ripoti yako ile ingekuwa imelipwa nusu ungehangaika nusu. Tatu kifungu cha kuvunja mkataba kitaje gharama za kufunga: notisi za vijana wako sita, kodi ya ofisi ya miezi ambayo huwezi kuiepuka. Kisipotajwa utakuja kubishana nacho ukiwa huna nguvu.

Na tembea na kalenda yao. Rais wa Marekani anaapishwa tarehe 20 Januari kila baada ya miaka minne, inayofuata ni 2029, mwaka wao wa fedha unaisha tarehe 30 Septemba. Mhasibu mwenye macho haachi invoisi kubwa ivuke tarehe hizo. Januari 2025 nilijua mashirika mawili hapahapa Dodoma, moja lilipeleka invoisi zake zote Desemba, mwingine akasema tumalize sikukuu kwanza. Hadithi zao mwaka ule zilitofautiana kama mtama na mlenda.

Lingine, uko Dodoma kaka, serikali yote iko Mtumba hapo. Jisajili NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, kama bado hujajisajili, na kama vijana wako wanaweza kuunda kikundi kinachotambulika, kuna asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu, vijana wamo. Malipo ya serikali nayo yana kuchelewa kwake, sikudanganyi, lakini mdaiwa wako unaweza kumfuata kwa bajaji. Wamarekani wenyewe kwenye mkakati wao wa afya wa Septemba 2025 wanasema wanataka kukubaliana na serikali za nchi moja kwa moja na kupunguza kupitia mashirika, kwahiyo hata hela yao ikija huenda utaikutia hukohuko wizarani.

Ukishaupata huo mkataba wa Waingereza usisaini siku hiyo. Nitumie kwenye anwani ya gazeti, futa majina na bei, niusome.

SWALI: Dada mimi naomba kitu kimoja tu. Kila nikiomba kazi naulizwa uthibitisho wa uzoefu na shirika lilishafungwa. Nipo Kisasa.

JIBU: Cheti cha utumishi ni haki yako kwa sheria ileile ya 2004, mwajiri anatakiwa akupe siku unayoondoka, hata kama mlikosana na hata kama hana senti. Mtafute mkurugenzi au mjumbe yeyote wa bodi, hao wana majina na makazi hata ofisi ikifungwa. Andika cheti mwenyewe, jina lako, cheo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi ulizofanya, uende nacho kimechapishwa na kalamu mkononi ili yeye abaki na kusaini tu.